Mkunja Mashuka Anayemrudisha Somo Yake Mlimani

Saa moja kasoro robo asubuhi, Ijumaa, chumba cha kufulia cha hospitali kimeshajaa mvuke. Mashine tatu zinanguruma. Ya nne imefunguliwa ubavu, na fundi amelala chini yake, inayoonekana ni miguu tu.

Kwenye meza ndefu karibu na dirisha, mwanamke wa miaka hamsini na saba ameshika pembe mbili za shuka. Mwenzake ameshika mbili upande wa pili. Wanavuta, shuka linalia kama kofi. Wanarudi nyuma hatua mbili, wanakuja mbele, pembe zinakutana. Sekunde kumi tu. Hilo ni la kwanza, na leo yapo mia nne.

"Ncha kwa ncha," anasema mwanamke huyo. "Tumbo la shuka lisichungulie nje."

Neno hilo ndilo lililompa jina. Kuanzia mganga mkuu hadi mlinzi wa getini, wote humwita Mama Ncha. Huu ni mwaka wake wa ishirini na tisa kwenye meza hii, na watoto wake watatu wamesomeshwa na mikono hiyohiyo.

Lakini ukimtazama sana utaona macho yake hayako kwenye shuka. Yako kwenye meza ndogo kando ya mlango, ambako mwanamke mwingine, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anakunja foronya peke yake. Foronya haihitaji watu wawili.

Huyo ni somo yake. Walipewa jina moja na wazazi ambao hawakuwahi kuonana, wakaja kukutana hapa, na tangu siku hiyo kila mmoja humwita mwenzake somo. Kwa miaka ishirini na mitano walisimama uso kwa uso kwenye meza ndefu. Tangu kiangazi cha mwaka jana hawasimami tena.

Saa ya chai, Mama Ncha anamfuata mezani kwake na vikombe viwili.

"Somo, kesho tunapanda."

"Pandeni salama."

"Nimesema tunapanda. Na wewe umo."

"Mimi magoti yangu yamestaafu kabla yangu."

"Magoti yako nayajua. Yamepanda nami miaka kumi hayajasema neno. Anayelalamika ni mwenye nayo."

Sauti inatoka chini ya mashine. "Mwambie na mkate wake nimeshaununua."

"Wewe Fundi, zungumza na nati zako," somo anajibu. Kisha anashusha macho na kuendelea na foronya. Hakukataa, lakini pia hakukubali.

Zimebaki Jumamosi nne tu. Baada ya hapo somo anastaafu na kuhamia kwa mwanawe wa kiume, mwendo wa siku nzima kwa basi, kwenye nchi tambarare ambako, kwa maneno yake mwenyewe, mpira ukiuweka chini hauendi popote. Mama Ncha anataka jambo moja kabla ya siku hiyo. Anataka wapande mlima pamoja mara moja tena, na somo ashuke akiwa amekitua kile alichokibeba mwaka mzima.

Habari ya mlima ilianza kwa sababu ya joto. Kiangazi kikikolea, kipimajoto cha ukutani humu ndani husoma nyuzi thelathini na tisa, na mvuke hauna pa kwenda. Siku moja, miaka kumi na moja iliyopita, Fundi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifuta jasho na kusema, "Jamani, kule juu kuna ubaridi wa bure, na sisi tumekaa hapa tunachemka kama viazi."

Wakamcheka. Jumamosi iliyofuata wakaenda wote watatu, wanawake wakiwa wamevaa ndala. Nauli ya kwenda na kurudi ilikula mshahara wa siku nzima, na bado huula. Walirudi na malengelenge, na usiku huo, anasema Mama Ncha, alilala kama mtoto aliyenyonya akashiba.

"Kule juu nilisikia sauti yangu mwenyewe," anasema. "Humu ndani ukisema neno unapiga kelele. Kule nilisema 'somo' polepole, akaitika. Tukaangaliana. Kumbe tunaweza kuongea."

Wakaendelea kila kiangazi. Wakanunua raba. Wakajifunza njia, kisha wakajifunza mawe. Ukitembea saa mbili kutoka kituo cha basi unafika kwenye jabali lenye kimo cha nyumba ya ghorofa. Wao huliita Kabati, kwa sababu lina rafu rafu kama kabati la mashuka la wodini. Hapo miguu peke yake haitoshi. Mtu huparamia kwa mikono, kwa magoti, na pengine kwa tumbo. Juu yake kuna uwanda mdogo wa jiwe wanaouita Sebule, na kutoka hapo hadi kileleni ni nusu saa.

Watu wengine huogopa Kabati. Hawa hawakuliogopa. "Mtu aliyekamua mashuka yenye maji tangu ujana wake," anasema Mama Ncha, akikunja na kukunjua vidole, "jiwe litamshinda nini?"

Kilichowashinda hakikuwa jiwe.

Kila mkunjaji hufundishwa siku ya kwanza kwamba ukirudi nyuma na shuka huoni unakokwenda. Mwenzako ndiye macho yako. Toroli likipita mgongoni mwako, yeye husema "nyuma", nawe unasimama hapohapo.

Mwaka jana, Jumamosi ya mwisho ya kiangazi, walikula mkate wao Sebuleni juu ya shuka kuukuu lililokwisha kutolewa wodini. Walipomaliza wakakung'uta makombo, na bila kuambizana wakalishika shuka, huyu pembe mbili, yule pembe mbili.

"Hatukuwaza," anasema Mama Ncha. "Shuka likiwa mikononi, mwili unajua uko kazini. Nikavuta, nikarudi hatua mbili kama siku zote. Ya kwanza ilikuta jiwe. Ya pili haikukuta kitu."

Somo hakuachia. Alishikilia pembe zake hadi shuka likachanika katikati, na kule kuchanika ndiko kulikopunguza kishindo. Mama Ncha aliangukia kwenye nyasi za upande wa nyuma wa Sebule, chini kidogo, kimo cha mtu na nusu hivi. Kifundo cha mguu kilivunjika mahali pawili. Fundi na vijana wawili waliokuwa wakishuka walimbeba saa tano nzima hadi barabarani.

Alikaa na plasta wiki tisa. Kila jioni somo alikuja kumpikia, kumfagilia na kumfulia, na hakumtazama usoni hata siku moja. Mama Ncha aliporudi kazini akakuta mwenzake ameshaomba kuhamishiwa kwenye foronya. Alipomuuliza sababu, alijibiwa kwamba mikono inauma.

"Mikono yake naijua," anasema Mama Ncha. "Haiumi. Kinachouma ni kingine."

Jumamosi, saa mbili na nusu asubuhi. Fundi na Mama Ncha wamekaa kwenye benchi la kituo, mwanzo wa njia ya mlima, na mkate wa tatu uko kwenye mfuko. Basi la pili linasimama. Wa mwisho kuteremka ni somo, amevaa raba kuukuu alizoziacha mwanawe, zimejazwa vitambaa mbele.

"Miguu imekua?" Fundi anauliza.

"Raba zangu nilizigawa. Na msifurahi bure, nafika kijitoni tu, nipunge upepo."

"Kijitoni ni pazuri," anasema Mama Ncha.

Wanafika kijitoni. Somo ananawa uso, anakaa, anasimama. "Hadi kwenye ule mti uliolala, basi." Wanafika kwenye mti uliolala. "Hadi mwanzo wa mawe. Hapo ndipo mwisho wangu." Fundi anafungua mdomo kutania. Mama Ncha anamkanyaga mguu, Fundi anaufunga.

Chini ya Kabati, somo anachagua jiwe bapa, anakaa, anawekewa mfuko wa mkate mapajani. "Nendeni. Nitawangoja."

Fundi anatangulia. Ni mwembamba, anapanda kama mjusi, mara anapotea juu. Mama Ncha anafuata. Rafu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne anasimama.

Kifundo kilichoungwa hakikunjiki kama zamani. Mguu wake wa kulia unatafuta pa kukanyaga, unapapasa, haupati. Shavu lake limegusa jiwe na hawezi kutazama chini.

"Umefika wapi?" Fundi anaita kutoka juu.

"Nimefika hapa."

"Hapa wapi?"

"Ningekuwa napajua ningekuwa nimeshaondoka."

Anacheka, lakini mguu wa kushoto, ulioubeba mwili wote, umeanza kutetemeka. Fundi aliye juu haoni miguu yake. Mtu mmoja tu ndiye anayeiona.

Chini, somo amesimama. Mfuko wa mkate umeanguka na hajauokota. Kisha sauti inatoka, ndogo lakini imenyooka.

"Somo."

"Naam."

"Usiangalie chini. Sogeza mguu kushoto." Anasita. "Hapana, samahani. Nimezoea kukutazama usoni, na leo sote tunatazama upande mmoja. Kulia. Sogeza kulia."

"Kulia."

"Kidogo tena. Sasa shusha. Kuna kijishimo, kinatosha vidole vya mguu. Hapohapo. Kanyaga, usiogope, nakiona."

Mama Ncha anakanyaga. Mguu unashika.

"Sasa mkono wa kushoto, juu ya lile jiwe jekundu. Si hilo, la juu yake. Ehee. Pumzika kwanza. Hatuna zamu leo."

Hivyo hivyo, neno kwa neno, rafu ya tano, ya sita. Fundi anamshika kiganja, na Mama Ncha anafika Sebuleni, anakaa kitako na kuhema. Akichungulia chini anaona kofia ya somo iko kwenye rafu ya pili.

"Wewe, unakwenda wapi?"

"Nani atakutazama miguu wakati wa kushuka?" somo anajibu huku akitafuta pa kushika. "Fundi? Huyo hata ya kwake haangalii."

Anapanda polepole, raba kubwa zikigonga mawe, analaumu jiwe, anamlaumu mwanawe kwa kuwa na miguu mikubwa, anafika. Hakuna anayepiga makofi. Fundi anampa maji.

Akiisha kunywa anauliza, "Ni pale, sivyo?"

Mama Ncha anaitikia kwa kichwa. Somo analala kifudifudi, anajivuta hadi ukingoni, anatazama nyasi zilizo chini.

"Ni karibu," anasema. "Nikilala naona ni mbali sana."

"Unaiona kila siku?"

"Kila nikifumba macho. Wewe ulikuwa umegeuza mgongo. Mimi ndiye niliyekuwa natazama. Niliuona ukingo, somo. Niliuona, na sikusema, kwa sababu toroli halikuwepo."

Fundi anajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Na mimi nilikuwa nimekaa pale tangu asubuhi," anasema Mama Ncha. "Nilijua ukingo uko wapi. Nilining'iniza miguu yangu mwenyewe hapo. Tulisahau wote wawili. Tena uliponiona nakwenda hukuachia. Daktari alisema lile shuka ndilo lililookoa kichwa changu. Hilo mbona hulioni ukilala?"

Somo anainuka na kukaa kitako. Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la blauzi, anaivaa, anaivua tena. Mama Ncha anajisogeza hadi mabega yao yanagusana, wanatazama bonde.

"Mkate uko chini," anasema Fundi.

"Tunajua," wanajibu kwa pamoja.

Kileleni hawaendi leo. Kifundo kimevimba, na Mama Ncha anasema kilele kina subira kuliko watu. Hesabu yake ni Jumamosi tatu zilizobaki: ijayo waje wafike hapa tena, inayofuata waende hadi juu, na ya mwisho amwachie somo achague.

Baada ya hapo naye bado ana miaka mitatu ya kukunja. Lakini kiangazi kijacho ana likizo ya siku ishirini na moja, na ameshaamua atakakoipeleka. Anamwambia somo kwamba atapanda basi amfuate huko huko kwa mwanawe.

"Uje ufanye nini?" somo anamuuliza. "Kule hata kichuguu hakuna. Utapanda nini, kitanda?"

"Kitu hakikosekani."

Somo anafikiri, macho yake yakiwa mbali bondeni.

"Nyuma ya nyumba kuna mnara wa tangi la maji," anasema. "Una ngazi ya chuma."

"Vidato vingapi?"

"Sijahesabu."

"Basi ukifika uhesabu," anasema Mama Ncha. "Nakuja."