Moshi wa Sadini Ghorofa ya Kumi na Nane

Duarte alikuwa amempa mama yake mpaka Jumapili aamue: auze fleti yake akaishi naye pembeni mwa mji, au abaki huko juu, katikati ya Toronto.

"Mama, umejifungia kwenye kabati la vioo," alimwambia. "Siku ukianguka, nani atajua?"

Swali hilo ndilo lililomnyima Idalina Furtado raha. Mazuri ya pale aliyajua. Tangu ahamie hajashika koleo la theluji, kanisa liko ng'ambo tu ya barabara, na asubuhi ziwa zima humng'aria mezani. Lakini hakuwa na udongo wa kupanda hata shina moja la kabichi, na kwenye lifti watu walikodolea macho namba za ghorofa, salamu hakuna. Wajenzi wa maghorofa yale marefu walikuwa wameuza mandhari na bwawa la kuogelea. Ujirani hawakuujenga, kwa kuwa hauwaingizii kitu.

Jumamosi mchana akatamani sadini za kwao, visiwa vya Azores huko Ureno. Kuchoma kwenye roshani ni marufuku, basi akazikaanga jikoni. Moshi ukajaa. Akafanya kama alivyofanya miaka yote katika nyumba yake ya zamani: akafungua mlango wa mbele upepo upite. Ila mlango huu ulitokea koridoni. Moshi ukapanda darini, na king'ora kikalia jengo zima.

Akazima jiko, akafunga mlango, akateremka ngazi zote huku akishika ukuta. Nje, katika baridi ya Februari, wakazi walisimama wakitetemeka, mmoja ana povu la sabuni kichwani, wakiwatazama wazima moto wakiingia.

"Leo nani tena?" mtu akafoka.

Idalina angeweza kunyamaza. "Ni mimi," akasema, uso ukimwaka. "Nilifungua mlango moshi utoke."

"Wa koridoni?" Mwenye povu akaangua kicheko. "Karibu jengoni, mama! Mimi nilifanya hivyo hivyo kwa bekoni, tena siku ya Krismasi. Hawa walinitukana mpaka nikakoma."

"Na bado tunakutukana!" wakamjibu.

Hapo akatokea Harjit, kijana wa mlango unaotazamana na wa Idalina, anahema, mbwa kampakata.

"Bibi! Kumbe uko huku? Nimegonga kwako mpaka mkono unauma. Nimewaambia wazima moto waanzie kwako, nikidhani umeanguka."

"Umegonga kwangu?"

"Sasa nigonge kwa nani? Kila asubuhi nasikia redio yako ya Kireno. Siku isipolia, nitauvunja ule mlango."

Idalina akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu wiki ianze. Akatoa simu.

"Duarte? Siuzi. Kesho njoo na mkate, sadini zimebaki. Lakini uwahi, mwanangu, jengo zima limeshazinusa."