Mbegu Zilizokaa Mbali

Nilikuwa karani wa mizani kwenye shamba la chai upande wa Sosiot, kijana mwenye kiburi cha kujua kugawanya. Nilimwambia nyapara wetu mpya kwamba makundi mawili ya wachumaji yako sawa: wastani ule ule wa ratili kwa kikapu, hata mtawanyiko wa uzito unalingana.

"Kama iko sawa," akasema, "mbona hii kundi ya kwanza ina watu wanaleta kidogo sana na wengine mingi sana? Hao ni wavivu na wakora. Jumamosi waende kwao."

Mmoja wao alikuwa dada yangu mkubwa, niliyekuja naye kutoka kando ya ziwa. Jumanne kikapu chake kilikuwa chepesi kupindukia. Jumatano kikawa kizito hata nyapara akatafuta mawe ndani. Nilijilaumu sana, maana mdomo wangu ndio uliomponza.

Basi nikaomba mbegu za chai kitaluni, nikazipanga chini kando ya mizani. Kila kikapu kilichoandikwa kwenye daftari langu, mbegu moja: vyepesi kushoto, vizito kulia, vya uzito mmoja safu moja. Kundi la pili likatoa kilima kipana. Kundi la dada likatoa kichuguu chembamba, kirefu, na mbegu chache zimekaa mbali kabisa pande zote mbili. Wastani wangu haukuliona hilo, wala mtawanyiko. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba umbo la namna hiyo lina kipimo chake, kinaitwa kurtosisi. Siku ile nilikuwa na kichuguu tu.

Nikauliza kikapu cha kila mbegu ya mbali kilijazwa wapi. Za kushoto zote zilitoka kwenye mistari ya mlimani iliyopigwa na mvua ya mawe. Za kulia, kwenye mistari ya bondeni penye maji. Na mistari hiyo wachumaji wa kundi la dada waliishika kwa zamu.

Nilipomweleza, nyapara hakuamini. "Lete kikapu," akasema, akapanda mlimani mwenyewe. Saa sita mchana akashuka na majani yasiyofunika hata kitako cha kikapu. Nikapima, nikamsomea ratili. Akaokota mbegu, akainama, akaiweka kushoto kabisa.

Dada akachutama kando yake. "Pole, nyapara. Hapo ndio nilikuwa Jumanne."

Jumamosi dada alikwenda kuchuma bondeni.