Batmakan na pampu zisizougua

Theluji ya kwanza imeanguka usiku na kuyeyuka kabla watu hawajatoka nje. Katika gereji moja pembezoni mwa mji wa Osh, Batmakan Ergeshova ananawa mikono kwa sabuni ya kufulia, anaikausha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha anaketi. Mbele yake, ndani ya beseni lenye dizeli safi, imelala pampu ya dizeli ya lori ikiwa vipande vipande.

Pampu hiyo haina ugonjwa wowote. Jana ililisha injini mpaka hapa bila kukohoa. Ndiyo maana mwenye lori, Abdimomun, amekaa kizingitini na soksi zake, amenuna.

"Dada, injini inawaka kwa mguso mmoja. Mtu mwenye afya yake umempasua tumbo, ya nini?"

"Nampasua akiwa bado anapumua," anajibu Batmakan bila kuinua kichwa. "Ulitaka nimpasue wapi? Kule juu mlimani?"

"Mafundi wa sokoni wangeipuliza upepo kidogo, wakanipa chai, nikaenda zangu."

"Basi nenda sokoni. Beseni hilo, libebe. Ila zile pistoni kila moja ina ala yake. Ukizichanganya njiani, usirudi kunililia."

Abdimomun anaguna. Halibebi beseni.

Kwenye chumba hiki haingii mtu na viatu. Haingii na sigara, wala na koti lenye vumbi. Pistoni za pampu ya dizeli ni nyembamba kama kidole cha mtoto, nazo zimeingiana na ala zake hivi kwamba hata unywele haupenyi. Chembe moja ya mchanga inatosha kuzikwaruza.

Na lori la Abdimomun lina safari. Limepakiwa makaa ya mawe ya shule ya bweni ya Murghab, ng'ambo ya mpaka, ambako njia hupanda zaidi ya mita elfu nne na baridi ya Januari hushuka nyuzi thelathini chini ya sifuri, wakati mwingine zaidi. Mwalimu mkuu ameshapiga simu. Watoto wanalala na makoti.

"Dereva huyu anadhani mimi ndiye ninayemchelewesha," anasema Batmakan, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, sauti yake ya chini, ya mtu aliyeyasema haya kila mwaka. "Na kweli ni mimi. Kila vuli ni mimi."

Kazi hii aliianza akiwa msichana, kwenye karakana ya shamba la ushirika. Wanaume walipewa injini na magurudumu, chumba cha pampu walipewa wanawake, kwa sababu, anasema, "mwanamume haoni haya kudondosha majivu ya sigara kwenye kitu cha watu." Shamba lilipovunjika, vyuma vyake viliuzwa kwa kilo. Mashine ya kupimia pampu nayo ilikuwa njiani kuyeyushwa. Mumewe, Topchubai, dereva wa lori, aliivuta kwa trekta la kuazima mpaka nyumbani, akabomoa ukuta wa zizi ili iingie.

"Kondoo walilala nje mwezi mzima," Batmakan anakumbuka. "Mama mkwe hakunisemesha."

Topchubai mwenyewe hakuwa mteja mzuri. Miaka kumi na miwili iliyopita, mkewe alimwomba aiache pampu ifunguliwe kabla ya majira ya baridi. Lori lilikuwa linaunguruma vizuri, mzigo ulikuwa umeshafungwa kamba.

"Akaniambia, nikirudi. Wote husema hivyo. Nikirudi."

Pampu iligoma kwenye kona za Ak-Baital, juu mlimani, upepo ukivuma. Ili apate joto, Topchubai alichoma tairi la akiba, kisha matairi ya nyuma, kisha mbao za bodi. Alipookolewa alikuwa hai, lakini vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vimeganda, vikakatwa. Hakuendesha tena.

Hayo Batmakan huyasimulia harakaharaka, akisugua ala moja. Hapendi kuyatumia kuwatisha madereva. "Wanayajua. Wanamwona anavyotembea. Bado wananiambia, pampu yangu ni nzima."

Kabla ya adhuhuri anamaliza kuosha. Mipira ya kuziba imekauka, anaitupa yote. Pistoni ziko salama. Kisha anachukua springi moja, anaizungusha dirishani, anaisogeza karibu na jicho la kulia, anaihamishia la kushoto. Anapitisha ukucha.

"Njoo uone."

Abdimomun anakuja, anainama. "Sioni kitu."

"Hata mimi sioni vizuri. Pitisha ukucha. Hapo."

Ni ufa, mwembamba kama mstari wa penseli.

"Ingekatika?" anauliza Abdimomun, safari hii bila utani.

Batmakan anaigeuza springi kiganjani. "Sijui. Huenda ungekwenda na kurudi mpaka kiangazi. Huenda ingekatika hapo langoni. Sijui, kaka, nisikudanganye."

Hiyo ndiyo inayomchosha kuliko baridi ya dizeli inayompasua ngozi. Fundi wa kawaida huletewa gari bovu, likaondoka zima, akashukuriwa. Yeye huletewa zima, likaondoka zima. Akifanya kazi vizuri, hakuna kinachotokea. Nani atamshukuru, na kwa lipi?

Springi mpya hupatikana Bishkek, mji mkuu, mbali. Anafungua kabati na kutoa pampu kuukuu aliyoificha chini ya blanketi, ya mwisho aliyobaki nayo ya kuvulia vipuri. Anaivua springi. Abdimomun anaangalia pembeni.

Topchubai anafika akichechemea, na sufuria ya wali wa karoti na nyama aliyoifunga kwenye taulo. Wanakula watatu, kisha mzee huyo anavua viatu vyake vizito, anavaa miwani na kuketi mbele ya mashine ya kupimia. Kuna mirija minane ya kioo, kila mmoja ukipokea dizeli ya pistoni moja. Ikilingana, pampu iko sawa. Batmakan hawezi tena kuisoma. Macho yake yana ukungu, mtoto wa jicho, na daktari alishamwita mara mbili.

"Wa tatu uko chini," anasema Topchubai.

"Kiasi gani?"

"Unywele."

"Unywele wa nani, wako au wangu?"

"Wangu sina, bibie. Kaza kidogo. Hapo. Umepita, rudisha."

Wanaendelea hivyo mpaka jua linaondoka dirishani, mmoja akiona, mwingine akigusa. Abdimomun, aliyekuwa na haraka, amelala kizingitini.

Kesho yake pampu inafungwa mahali pake, wanaitoa upepo, lori linawaka. Batmakan anasikiliza, kiganja chake juu ya chuma, kisha anapunga mkono kama anayefukuza nzi. Lori linaondoka. Daktari je? Anasema yamebaki malori mengine manne. Msimu ukiisha ataenda.

Siku chache baadaye, gazeti hili lilipopiga simu, Topchubai ndiye aliyepokea. Abdimomun amefika, alisema. Amejuaje?

"Alipiga kuuliza kofia yake. Aliisahau hapa. Hakusema kingine. Shule inapata joto, nadhani, maana nyuma yake nilisikia watoto wanapiga kelele."

Na malori manne?

"Madereva nimewaambia wasubiri wiki mbili. Wamefoka, wakanyamaza. Jumatatu tunakwenda hospitali, jicho la kulia kwanza. Mke wangu ameniambia akipona atafundisha mabinti wawili wa mtaani, na mirija atasoma mwenyewe, mimi nibaki na sufuria zangu." Alicheka, kikohozi kikamkatiza. "Usiku ataniambia ni mapema, tungoje majira ya kuchipua. Ndiyo maana ufunguo wa chumba cha pampu ninao mimi, ndani ya soksi, ule mguu usio na vidole. Huko hapekui."

Kwa mbali, sauti ya mwanamke ilisikika ikiuliza nani ameuona ufunguo.