Punda Katikati ya Picha ya Mama Nesi

Naona aibu hata kulisimulia hili, lakini niliwahi kuamini kwa moyo wangu wote kwamba kioo cha kamera ya simu huchakaa katikati kwanza, kama soli ya kiatu, na ndiyo maana wapiga picha wa mjini humweka mtu pembeni: wanabana matumizi. Aliniambia fundi simu mmoja wa Dongobesh, nami (mwenye cheti changu safi cha masomo ya jioni!) sikuuliza swali hata moja.

Basi Mama Nesi wetu wa Nangwa akastaafu. Alikuwa anarudi kwao Kigoma siku ileile alasiri, na alitaka kitu kimoja tu: picha yake na mlima Hanang nyuma, aitundike sebuleni. Kazi niliiomba mwenyewe, kwa kelele. Asubuhi nikamsimamisha pembeni kabisa, katikati nikaacha patupu nisikichoshe kioo, na kwa kuwa jua lilikuwa la kukaangia mayai, kwenye simu sikuona kitu, nikabonyeza tu, nikaituma studio Katesh, ikarudi na bodaboda ikiwa kubwa kama mlango, ina fremu, imefungwa magazeti (studio nao walidhani ndivyo tunavyotaka), na mimi kwa mbwembwe nikakataza mtu kuifungua mpaka kwenye sherehe ya kumuaga.

Mwenyekiti wa kijiji akaifungua mbele ya umati. Akanigeukia.

"Kijana, huyu wa katikati ni nani?"

"Si punda wa Mzee Bura!" bibi mmoja akapaza sauti. "Tena katoka vizuri, kaangalia kamera!"

Kweli, punda alikuwa pale, masikio wima, kang'aa utadhani ndiye anayestaafu. Mama Nesi kabaki bega moja na nusu ya uso, na kilele cha mlima kimemwota utosini kama pembe. Watu walicheka mpaka (sitii chumvi) kuku wakahama uwanja. Gari la kumpeleka Mama Nesi likapiga honi.

"Shikamoo Mama, nisamehe, nipige nyingine," nikasema, jasho linatiririka.

"Marahaba. Haraka basi, dereva ananiacha!"

Nikainua simu, na mkono kwa mazoea ukaanza kumsogeza pembeni tena. Akauliza kwa nini, ikabidi niseme habari za kioo kuchakaa mbele ya kijiji kizima. Kicheko cha pili kilikifunika cha kwanza. Mama Nesi akafuta machozi, akakaza kilemba.

"Kioo hakichakai kwa kutazama watu, mwanangu. Niweke pembeni, niweke katikati, kote kunafaa. Ila kabla hujabonyeza, hakikisha nimeingia mzima, halafu angalia nani mwingine ameingia."