Miguu ya Bertha Haitaki Godoro

Neno "pole" ni tamu mara tatu za mwanzo. Baada ya hapo huwa kama nzi: halikung'ati, ila halikuachi. Bertha, fundi cherehani wa Misugusugu, alikuwa amepewa pole na wateja, na wauza mihogo ya kukaanga, na wazee wa kanisa, na watu asiowajua kabisa waliomwona anavyoburuta mguu wa kushoto kuelekea kwenye fremu yake ya kazi. Na nyuma ya kila pole lilifuata lile lile: kaa, mama. Kaa upumzike.

Zipo nchi ambako mgonjwa huletewa maua. Zipo nyingine ambako hufungiwa mlango apumue peke yake, na anayebisha hodi huonekana mshenzi. Kwa watu wa Pwani mgonjwa hulazwa. Akilazwa vizuri, juu ya godoro lenye shuka safi, mahali ambapo kila mgeni atamwona, hiyo ni sifa ya ndugu zake. Mgonjwa anayezurura ni aibu yao. Watu watasema ametelekezwa. Bertha aliyajua hayo tangu utotoni kule Kisarawe, na alikuwa amewalaza wagonjwa wengi yeye mwenyewe, tena kwa ukali. Hakujua tu kwamba siku moja godoro lingetandikwa kwa ajili yake, naye bado ana sketi za marinda za kushona.

Ugonjwa wake ulichukua muda mrefu kupata jina. Kwanza jicho moja lilififia, likarudi. Kisha ganzi kiunoni, ikaondoka. Wengine walisema presha, wengine wakasema kuna mkono wa mtu. Mwishoni daktari wa mishipa ya fahamu, baada ya picha ya kichwa na ya uti wa mgongo, alimwambia ni emu-esi. Alimweleza vizuri: askari wa mwili wake mwenyewe wamekosea adui, wanatafuna ngozi laini inayofunika mishipa ya fahamu, kama panya anayetafuna waya wa umeme. Taa haizimiki, ila inacheza. Dawa zipo za kuwapunguza kasi hao askari, lakini ugonjwa wenyewe hautoki.

Hilo Bertha alilipokea. Kilichomtoa machozi ya hasira kilikuwa kitu kingine, kidogo, cha kuchekesha ukikisimulia. Miguu ilikataa kutulia. Akitembea, hakuna neno. Akikaa kimya, hasa jua likishaanza kushuka, ndani ya mifupa ya miguu walianza kuhama siafu. Hawakuuma. Walihama tu, kundi kwa kundi, na dawa yao ilikuwa moja: ainuke, anyooshe, atembee. Akikaa tena, wanarudi. Kwenye ibada za nyumba kwa nyumba alisimama mlangoni, na kila mara mwenye nyumba alimuuliza kama anaondoka.

Aliyemsaidia alikuwa Firdausi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali alikotibiwa, msichana mwenye hijabu nyeusi na mzaha mwingi. Daktari alikuwa amempima damu kuona kama madini ya chuma yamepungua, akakuta hayajambo, akamkabidhi kwake.

"Dada Bertha, nyumbani una baiskeli?"

"Baiskeli sina. Nina cherehani ya miguu."

Firdausi alifikiri kidogo. "Unaikanyaga muda mrefu?"

"Mchana kutwa. Ila sasa wananikataza."

"Wasikukataze. Kanyaga asubuhi, kanyaga jioni, ukichoka pumzika, lakini usiache. Na unyooshe mapaja kama nilivyokuonyesha. Sikuahidi kwamba wale siafu wako watahama moja kwa moja. Wengine wakifanya mazoezi wanapata nafuu. Tujaribu tuone."

Wakajaribu. Baada ya wiki kadhaa Bertha aliweza kukaa ibada nzima akainuka mara moja tu, na mara hiyo hata watu wasioumwa huinuka. Akafurahi, akamsimulia kila mtu: mazoezi yananisaidia. Walimjibu pole.

Basi siku ya Pasaka kaka yake, Ponsiano, akaja na zawadi. Ponsiano alifanya kazi ofisini Dar es Salaam na kuishi Kongowe, hii ya Kibaha, na alikuwa mtu wa kutenda, si wa kuuliza. Alikuja na mkewe, na mwinjilisti, na boksi. Ndani ya boksi mlikuwa na mota ya cherehani. Waliifunga mbele ya majirani, mwinjilisti akaiombea, na Ponsiano akatoa maneno machache kuhusu damu kuwa nzito kuliko maji. Tangu siku hiyo dada yake hatakanyaga tena. Atagusa kwa kidole cha mguu, mashine itakimbia yenyewe. Watu walipiga vigelegele. Bertha alisema ahsante kaka, kwa sababu ukiombewa mota mbele ya majirani utasema nini.

Mota ilishona vizuri, hilo hakuna wa kulikana. Ila miguu, iliyozoea kufanya kazi, sasa ilikaa kutwa nzima kama wageni. Jioni ilidai haki yake yote kwa mkupuo. Bertha alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alizidi kuchoka, na kwa sababu alizidi kuchoka, ndugu walizidi kumwambia akae.

Aliwavumilia hadi akachoka kuwavumilia, ndipo akamwita Fabian, fundi wa kutengeneza cherehani. Fabian ni Mnyamwezi, na kwa Wazaramo Mnyamwezi ni mtani.

"Nyie Wazaramo mna mambo," Fabian alisema, amepiga magoti chini ya meza. "Mtu kapewa mota, anataka kurudi kukanyaga. Kesho utaniita nikung'olee bomba nikuchimbie kisima."

"Fungua skrubu, Mnyamwezi. Mlikuja Pwani kubeba mizigo, si kutoa ushauri."

"Nafungua. Ila kaka yako akija, nitasema ulinishikia mkasi shingoni."

"Sema. Atakuamini. Mimi haniamini kwa lolote."

Fabian akarudisha mkanda wa ngozi kwenye gurudumu, mota ikaenda kwenye boksi lake. Ponsiano alipata habari siku ile ile, maana mkewe alikuwa amefuata gauni lake kwa Bertha. Hakupiga simu kwa Bertha. Alipiga Kisarawe, kwa Mjomba Athanas.

Kwa Wazaramo mjomba ana neno. Mama yao Bertha alikwisha fariki, na mzee Athanas, kaka wa mama, ndiye aliyekuwa mlango wa kila jambo la familia. Akaitisha kikao Jumapili baada ya ibada. Ajenda Bertha aliambiwa na Ponsiano kwenye gari wakipanda vilima kutoka Pugu: fremu ifungwe, cherehani iuzwe au apewe binamu, naye arudi Kisarawe kuuguzwa. Chumba kimeshapakwa rangi.

"Mlimuuliza nani?" Bertha aliuliza.

"Tulikuuliza wewe, ukatoa mota."

Alitamani kumrushia kitu, lakini kilichokuwa karibu ni Biblia. Na safari yenyewe, kwa kukaa tu, ilikuwa imeshawaamsha siafu. Cherehani ile ndiyo iliyomlipia binti yake shule. Ndiyo iliyomfanya aitwe fundi, si mgonjwa. Akirudishwa Kisarawe atalala barazani akipokea pole mpaka afe, na pengine asife upesi.

Walifika. Godoro lilikuwa limetandikwa barazani, shuka la maua, mto umesimamishwa ukutani. Viti vya plastiki vilipangwa mbele yake kama darasa. Bertha akawaamkia wakubwa shikamoo mmoja mmoja, akaelekezwa kwenye godoro, akakaa. Alijiambia: leo nitatulia. Nikitulia mpaka kikao kiishe, wataona sina haja ya kuuguzwa.

Mjomba Athanas alifungua kwa sala ndefu. Ponsiano akasimama akaeleza, kwa sauti ya ofisini, jinsi zawadi ya familia ilivyofunguliwa skrubu na mtu baki. Alipofika kwenye neno "kibri", siafu walikuwa wamefika magotini. Bertha akajifinya paja. Akakunja vidole vya miguu ndani ya khanga. Akauma shavu. Mguu wa kulia ukaruka wenyewe, ukapiga kikombe cha chai cha mama mkubwa wake, Sikudhani.

"Haya, mmeona," alisema Mama Mkubwa Sikudhani bila kushtuka, akifuta chai kwenye mkeka. "Mimi nilisema tangu mwanzo. Miguu hiyo inataka ngoma. Mama yetu, bibi yake, alikuwa hivi hivi, wakampunga pepo, akatulia."

"Mama Mkubwa, bibi alikuwa na jipu."

"Na jipu lilitoka wapi?"

Bertha akashika ukuta, akainuka.

"Kaa, mwanangu," alisema Mjomba. "Kikao hakijafungwa."

"Mjomba, kwa heshima zote, siwezi. Nitajibu nikiwa natembea."

Akaanza kuzunguka ua. Kila alipofika nyuma ya jiko sauti yake ilipotea, na Mjomba, ambaye sikio lake moja lilikuwa limestaafu, akawa anauliza jirani yake, kasemaje? Jirani akatafsiri vibaya. Mara ya tatu mzee akachoka. Akachukua fimbo yake, akainuka, akamfuata. "Haiwezekani nimhukumu mtu nisiyemsikia," alisema, na wengine wakabaki kwenye viti wakitazamana.

Walitoka nje ya ua, wakashika njia inayopita kwenye mikorosho. Walienda taratibu, yeye akiburuta mguu wake, mzee akiburuta wa kwake.

"Mbona unatudhalilisha, Bertha? Umekosa nini?"

"Sijakosa kitu, Mjomba. Ndiyo taabu yenyewe. Kila kitu mnanipa isipokuwa ruhusa ya kutembea."

"Kwani huumwi?"

"Naumwa. Naweza kuanguka hapa hapa. Juzi nilianguka sokoni."

"Basi."

"Basi nini, Mjomba? Nikisema naumwa mnanilaza, nikisema sijambo hamniamini. Mtu akilala miguu yake si inakufa? Nimesema tangu mwaka jana, mazoezi yananisaidia."

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma. "Mazoezi ni ya wanajeshi, mwanangu. Na wale wanene wa Dar wanaokimbia asubuhi. Mgonjwa na mazoezi wapi na wapi."

Bertha akasimama. Alikuwa ameeleza neno hilo kwa ndugu, kwa majirani, kwa mwinjilisti, na kila mahali lilianguka chini kama sindano kwenye mchanga. Mguu ulikuwa umeanza kulegea, jasho linamtoka, na hakuwa na nguvu ya kueleza upya. Akasema tu, kwa uchovu:

"Niliandikiwa hospitali, Mjomba. Asubuhi na jioni."

Mzee naye akasimama. "Umeandikiwa?"

"Nimeandikiwa."

"Na aliyekutibu?"

"Na aliyenitibu. Kukanyaga asubuhi, kukanyaga jioni, na kunyoosha mapaja."

"Kumbe ni dawa." Mjomba Athanas aliegemea fimbo yake, akamtazama kama mtu aliyefichwa jambo. "Sasa mwaka mzima unatuambia mazoezi, mazoezi, mbona husemi ni dawa? Mtu hanyang'anywi dawa. Ponsiano amekunyang'anya dawa, tena akaiombea."

Bertha akamshika mzee mkono, wakageuka.

Walirudi. Mzee akakaa, akagonga fimbo sakafuni, akatoa hukumu kana kwamba aliijua tangu asubuhi. Fremu haifungwi. Cherehani haiuzwi, ni dawa ya mgonjwa, na dawa haiachwi bila idhini ya hospitali. Mota itabaki kwenye boksi kwa heshima ya aliyeitoa. Ponsiano akasema hakujua kama ni dawa, angeambiwa asingeleta. Mama Mkubwa akauliza dozi ni kiasi gani na kama inaliwa kabla ya chakula. Mwenye kicheko alikuwa mmoja tu, Bertha, naye alikizuia. Wakala wali na kisamvu. Bertha alikula amesimama, na safari hii hakuna aliyemwambia akae, isipokuwa shuka la maua, ambalo liliendelea kumtazama.

Alirudi Misugusugu na cherehani yake, na miguu yake, iliyo afadhali siku nyingi na mibaya siku nyingine. Alichokuwa anakiogopa hakikutokea. Kilichotokea ni hiki: simu. Mjomba hupiga asubuhi, umekanyaga? Ponsiano hupita kila jioni akitoka kazini, anasimama mlangoni mwa fremu na mkoba wake, anahesabu kwa macho kila anapokanyaga. Majirani, walioambiwa na mke wa Ponsiano, hawasemi tena pole. Wanasema, mama, dawa.

Mwezi Februari joto lilipokuwa kali, Bertha aliweka sketi pembeni mchana mmoja, akalowesha kitambaa, akakifunga shingoni, akaegemea ukuta. Firdausi alikuwa amemwambia joto likizidi atulie, maana joto huwafanya wenye ugonjwa wake walegee. Miguu, safari hii, ilikuwa kimya. Alifumba macho. Simu ikalia, ilikuwa Kisarawe.

"Bertha," alisema Mama Mkubwa Sikudhani, "nimepigiwa simu kwamba umekaa."

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Nimekaa, ndiyo."

"Marahaba. Unaruka dozi?"

Bertha akatazama nje, akamwona muuza mihogo akirudisha simu yake mfukoni na kugeuza uso kwa haraka. "Napumzika, Mama Mkubwa."

"Nani kakuandikia kupumzika?"