Hodi Niliyoiweka kwenye Mchezo

Mwaka niliomaliza kidato cha nne nilikuwa mtu wa kusumbua watu. Nikikutana na yeyote niliyesoma naye, salamu hazijaisha nimeshaanza: "Umeshaucheza ule wa nyumba? Bado? Unasubiri nini?"

Kompyuta ilikuwa ya parokia, pale Mabira. Mimi nilijua kupiga taipu, kwa hiyo nikapewa kazi ya kuandika matangazo ya ndoa kila Jumamosi mchana, jenereta ikiwashwa. Ndani yake wazungu walioileta walikuwa wamesahau michezo mitatu. Yote ya kutisha, na yote ya hadithi: unasoma kipande, unaona picha moja isiyotembea, halafu unachagua herufi ili hadithi iendelee. Ule wa meli sikumshauri mtu, unachosha. Ule wa kisima unaanza vizuri ila mwisho wake ni wa kijinga. Lakini ule wa nyumba! Uko ndani na mtoto mdogo, nje kuna watu wanakutafuta, na huwaoni hata mara moja. Unasoma tu kwamba hatua zimesogea, zimesimama, zimesogea tena. Mara ya kwanza nilitoka pale nikaenda kusimama juani.

Niliyetaka aucheze kuliko wote ni rafiki yangu. Yeye na mama yake walikuja kutoka Rwanda, ng'ambo ya mto, wakakaa kwenye nyumba ndogo pembeni ya kibanja chetu cha kahawa na migomba. Mama yake alipalilia kahawa yetu, na yeye na mimi tulikata majani ya migomba pamoja. Ndiye mtu pekee aliyeweza kunisikiliza nikisimulia hadithi mpaka mwisho bila kunikatisha. Shule alisoma kwa Kifaransa, Kiingereza hakijui, kwa hiyo mimi nilikuwa wa kumtafsiria.

"Haya Profesa, soma," alisema akivuta benchi.

"Uko ndani ya nyumba. Mlango umefungwa. Mtu anapiga mlango mara tatu."

Hapo nikajisikia ovyo. Nani kwetu anapiga mlango kimya kimya kama fundi? Mtu anabisha hodi. Nikabadilisha. Nikaweka sauti ya upole, kama jirani aliyekuja kuomba moto: "Hodi humu ndani. Hodi jamani."

Alicheka kidogo. "Usijibu."

"Hakuna herufi ya kujibu."

"Basi zima moto jikoni. Wataona moshi."

"Hakuna moto kwenye huu mchezo, bwana."

"Basi aliyeutunga hajui kitu."

Nilicheka mimi, yeye hakucheka. Nikasoma: "Mtoto anaanza kulia. A, mwache hapo, upande darini. B, mbebe."

"B," alisema haraka.

Lakini mimi nilishaucheza, nilijua B haifiki mbali, na nilitaka aone mwisho kabla jenereta haijazimwa. "Huyo mtoto anatuchelewesha tu. Mimi nimemwacha mara mbili na nikamaliza." Nikabonyeza A. Halafu, kwa kuwa niliona ile hodi ya kwanza imempata vizuri, nikarudia ile sauti: "Hodi jamani."

Akasimama, akatoka. Kofia yake ilibaki kwenye benchi.

Wiki nzima hakuja kwenye migomba. Nilidhani amenuna kwa sababu ya ile herufi, na mimi kusubiri siwezi. Nikachukua kofia nikaenda kwao saa za kupika, moshi ukitoka kwenye nyasi za paa. "Hodi!" Kimya. "Hodi humu ndani!"

Nikasikia maji yakimwagwa kwenye moto. Shwaa. Kisha moshi ukakatika.

Nilisimama pale na kofia mkononi. Mara ya tatu sikubisha. Nikasema tu, "Shikamoo mama, ni mimi, mtoto wa hapo juu."

Mama yake akafungua. "Marahaba, mwanangu. Kumbe ni wewe." Mkononi ana kibuyu cha maji, tupu. Nyuma yake nilimwona rafiki yangu amekaa chini, mgongo ukutani, hanitazami.

Mama akatoka nje akarudisha mlango. "Waliokuja kwetu, kule Rwanda, walikuwa majirani," aliniambia. "Walisalimia kwanza. Vizuri tu, kama wewe. Huyu alikuwa ndani na mdogo wake."

Mimi ambaye huwa nauliza kila kitu, sikuuliza. Kwenye nyumba ile sijawahi kumwona mdogo wake.

"Hodi ya hapa kwenu tulishaizoea," akasema. "Ila tangu Jumamosi hataki kuisikia. Ukija, uanze kuimba huko kwenye migomba. Au ukohoe. Tujue ni wewe."

Nikawa naimba. Kila jioni naanzia kwenye mti wa mwisho wa kahawa, nyimbo za kanisani, na sauti yangu kila mtu anaijua. Nafika mlangoni, mama ananipa kiti, rafiki yangu haongei. Siku moja nilimwambia nimekosa, nikaanza kueleza kwa nini nilibonyeza ile herufi. Akaingia ndani. Kesho yake niliimba tu, sikueleza kitu. Na watu wengine niliacha kuwaambia "lazima ucheze." Ule mchezo bado nasema ndio mzuri kuliko yote mitatu. Lakini sasa namwangalia mtu kwanza.

Wiki ya tatu, nikiwa bado katikati ya migomba, nikasikia kutoka ndani: "Nyamaza bwana, unatisha kuku!"

Nikanyamaza. Akatokea mlangoni.

"Jumamosi jenereta inawashwa?"

"Inawashwa."

"Nitakuja. Ila hodi uitoe."

Alikuja. Nikasoma kama ilivyoandikwa, mtu anapiga mlango mara tatu, sikuongeza kitu. Mtoto akaanza kulia.

"B."

Nikabonyeza B. Wakatukamata kwenye ngazi. Mchezo ukaisha.

"Anza tena."

B. Safari hii tulifika darini, mtoto akalia, wakatukamata. Tena. B. Tena. Mkono wangu ulikuwa unaitaka ile A, nikaukalia. Matangazo ya ndoa yalikuwa hapo pembeni, sijaandika hata moja, na jenereta nje ilishaanza kukohoa, mafuta yanaisha.

"Anza tena," alisema, na benchi akalisogeza karibu zaidi.

Nikaanza tena.