Munkoyo wa Mwenye Diploma

Namshukuru Mungu kwa walimu wangu wote, hata yule wa kemia, ingawa shukrani yangu kwake ilichukua miaka kufika.

Alikuwa Mbelgiji. Alitufundisha Élisabethville, katika shule iliyotutayarisha kwa maabara za shaba, na kwake dunia nzima ilikuwa asidi na moto. Nilipomwomba Padri mkuu wa shule atuongezee saa moja kwa juma ya somo la viumbe hai, mwalimu alinicheka mbele ya darasa.

"Majani na wadudu ni kazi ya ba-infirmier, watu wa hospitali. Wewe unataka kupima shaba ao kuchunga mbuzi?"

Padri alisema ataamua baada ya sikukuu ya shule. Hapo mwalimu akaahidi pipa la munkoyo, kinywaji chetu cha uji wa mahindi na mizizi, ili kuonyesha kwamba kemia yake inatosha.

Nyumbani nilimweleza mama. Akauliza, "Anatia muzizi wakati gani?"

"Uji ukichemka, mama. Anasema moto unaharakisha kazi."

"Yesu wangu! Muzizi iko muzima. Uji ipoe kwanza, mpaka kidole ivumilie. Anaua muzizi, kisha anaungojea uyeyushe uji?"

Kesho yake nilimwambia mwalimu. Akaniuliza kama mama yangu ana diploma. Mwenzangu wa dawati akaninong'oneza, "Nyamaza, mon vieux. Acha apike bukari."

Na bukari, ule ugali wetu mgumu, akapika. Alichemsha mizizi ndani ya uji huku akitazama saa yake. Asubuhi ya sikukuu mwiko ulisimama wima ndani ya pipa. Akalaumu mahindi, akalaumu pipa, akatulaumu sisi tuliokoroga. Mungu ameweka uzima ndani ya mzizi mchafu, na mwalimu wa kola nyeupe hauoni hata akiushika mkononi! Padri alionja, akafuta midomo, akatupatia saa yetu ya viumbe hai.

Mwalimu hakukubali kumwachia mtu mwingine somo hilo. Siku ya kwanza aliandika ubaoni, kwa herufi kubwa, kana kwamba amevumbua yeye: mzizi utiwe katika uji uliopoa.

"Upoe mpaka wapi, Monsieur?" akauliza mwenzangu.

Akasoma tena ubao wake. Akanigeukia, mara hii bila kucheka. Nikainua kidole, kipimo cha mama.